Fomu Mbili za Edeltraud Noack

Daktari Thielecke wa zahanati ya Kiwanda cha kemikali hakupenda kupoteza wakati. Siku moja ya Februari 1974 alimbonyeza Ortwin Noack tumboni upande wa kulia, akamfunua kope akaona manjano, akaandika kwenye kadi kwamba ini limekwisha. Kwenye mstari wa sababu akaandika neno moja, pombe, akagonga muhuri. "Anayefuata!" akaita, na Ortwin bado anafunga vifungo vya shati.

Pombe! Mtu ambaye bia zake za mwaka mzima ungeweza kuzihesabu, tena nyingine alikuwa anawawekea konokono kwenye vikopo ili wasimalize mboga zake bustanini. Habari ilimfikia dada yake Edeltraud akiwa maabara, mbele ya mizani. Akaketi palepale. Wenzake wakamletea maji, wakadhani ni uchungu tu wa dada kwa mdogo wake. Uchungu ulikuwepo, ndiyo. Lakini chini yake palikuwa na jambo alilolificha miaka kumi na mitano, na mimi nitalisema hapa, kwa sababu wale waliolifanya pamoja naye hawatalisema hata siku moja.

Edeltraud alizaliwa mwaka 1926, mashariki, kwenye nchi ambayo baada ya vita ilipewa watu wengine na wenyewe wakafukuzwa. Katika baridi ya 1945 alivuta mkokoteni barabarani wiki tano, mama mgonjwa juu yake, Ortwin wa miaka kumi na miwili akisukuma kwa nyuma. Mama alifia njiani. Walimzika kando ya reli kwa koleo la kuazima. Baba alikuwa amekwisha kupotelea Urusi. Walipofika Pulschwitz, mji wetu huu wa moshi na makaa ya mawe, wenyeji waliwaita watu wa kuja, wakawauzia viazi vilivyooza kwa bei ya vizima. Ninaposema wenyeji namaanisha hata baba yangu, nisije nikajifanya mtakatifu.

Kiwanda kilimpa kazi ya kuosha chupa za maabara. Siku hizo Warusi walikuwa wameshang'oa nusu ya mitambo na kuipakia kwenye mabehewa kuwa fidia ya vita, na mainjinia wazuri ama walipakiwa pamoja nayo ama walitorokea magharibi. Waliobaki walifanya kazi kwa kubahatisha. Edeltraud aliosha chupa huku macho yake yakiwa mezani kwa wenzake, akauliza maswali mpaka wakamchoka, akasoma darasa la jioni miaka minne akiwa amevaa koti la marehemu fulani, na mwaka 1952 akapata cheti cha fundi wa maabara. Kuolewa hakuolewa. Vijana wa rika lake walikuwa chini ya udongo, na wachache waliorudi hawakumtaka mwanamke wa kuwasahihishia hesabu. Mume wake, mtoto wake, ukoo wake mzima ulikuwa Ortwin. Alimshonea suruali kwa blanketi la jeshi, akamzaba makofi alipotoroka shule, akamwombea kazi Jengo la Sita kwenye plastiki, kwa sababu huko mshahara ulikuwa mzuri na kila mfanyakazi alipewa nusu lita ya maziwa kwa siku, ya kuua sumu. Ndivyo tulivyoamini wakati ule, kwamba maziwa yanaua sumu.

Kazi yenyewe ya Jengo la Sita ni hii. Kulikuwa na matangi kumi na mawili ya chuma, kila moja refu kuliko nyumba. Gesi iliingizwa ndani ikapikwa kwa shinikizo, ikatoka unga mweupe wa plastiki. Kila baada ya kupika, ukoko mgumu ulibaki umegandia kuta za tangi, na hakuna mashine iliyoweza kuutoa. Aliuondoa binadamu. Alishushwa kwa ngazi ya kamba kupitia tundu la juu, akaukwangua kwa patasi ya shaba ili pasitoke cheche. Kabla hajashuka, feni ilipaswa kupuliza saa sita ili gesi itoke. Saa sita, mara matangi kumi na mawili, na wizara huko Berlin kila mwaka inadai tani zaidi. Mnamo 1958 tuliambiwa kwamba kemia italeta mkate, ustawi na uzuri. Saa sita zile zikawa mwiba kwenye koo la kila mkubwa pale Kiwandani.

Ni Edeltraud aliyejiuliza swali ambalo hakuna aliyejiuliza: je, hiyo gesi kweli hutoka? Hakutumwa na mtu. Alichukua mpira wa ndani wa kandanda, akaufunga kwenye kijibomba, akavuta hewa ya ndani ya matangi siku thelathini na nne mfululizo, tangi kwa tangi, saa kwa saa, akaipima na kuiandika kwenye daftari lake. Akagundua kwamba feni inapeperusha hewa tu. Gesi yenyewe imejificha ndani ya ukoko, inatoka polepole, na hata baada ya saa sita mtu akianza kukwangua inamfuka usoni. Lakini ukipitisha mvuke wa moto tangini saa moja, ukoko unaiachia yote. Baada ya hapo feni ya saa mbili inatosha, na mtu anaingia salama kuliko alivyoingia tangu Kiwanda kijengwe. Muda unapungua nusu, na mapafu yanapona. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kitu kizuri kuliko hicho, na alilijua hilo. Siku aliyomaliza hesabu alinunua mkate wa siagi na kipande cha nyama ya moshi akala peke yake jikoni, akicheka.

Machi 1959 akayapeleka mambo yake Ofisi ya Wabunifu, iliyopokea mapendekezo ya wafanyakazi. Mkuu wa ofisi alikuwa Wendelin Quaas, mtu mcheshi mwenye penseli sikioni na peremende mfukoni, aliyemgawia kila anayeingia. Alisoma kurasa zote, akapiga meza kwa furaha.

"Lo! Ndugu Noack, hii ni dhahabu! Hii ni dhahabu tupu! Chukua peremende."

"Kwa hiyo inapita?"

"Aa, taratibu. Hapa umeandika bomba la mvuke. Mita mia moja na themanini, na vali kumi na mbili. Bomba halimo kwenye Mpango wa serikali."

"Basi liingizwe."

"Liingizwe!" Quaas akacheka. "Unasema kama unaongeza chumvi kwenye supu. Chuma cha mwaka huu kimeshagawiwa chote, na cha mwakani pia. Fomu yenye bomba ndani inakwenda wizarani, inakaa huko hadi inaota mvi. Fomu isiyo na bomba naipitisha mimi mwenyewe wiki hii."

"Bila mvuke hesabu yangu haina maana, Ndugu Quaas."

"Nani kasema bila mvuke? Nisikilize. Unaandika fomu mbili. Ya kwanza inahusu mvuke. Ya pili inahusu saa. Ya pili inapita sasa hivi, wakubwa wanaona faida, wanapagawa, wanauliza hii imetoka wapi, na hapo ndipo tunawasukumia ya kwanza. Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda, dada yangu. Wewe mjuzi wa gesi, mimi mjuzi wa fomu."

"Na ya kwanza isipopita?"

Quaas akaweka mkono kifuani kama ametukanwa. "Sisi ni mabepari? Tutawaacha wafanyakazi wetu wavute sumu?"

Isitoshe Kiwanda kilikuwa kimeahidi mbele ya bendera kutoa tani mia moja za ziada kwa heshima ya Mei Mosi, na hakuna aliyejua zitatoka wapi. Edeltraud alisimama pale na kalamu aliyopewa. Hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka, na alikuwa na majivuno ya mtu aliyeosha chupa, na alimwamini Quaas kwa sababu alitaka kumwamini. Aliketi akaandika fomu mbili. Ya pili ilisema: "Baada ya feni kupuliza saa mbili, mtu anaweza kuingia." Maneno "baada ya mvuke" hakuyaweka, kwa sababu mvuke ulikuwa kwenye ile nyingine. Akatia saini yake chini, kwa herufi nzuri alizofundishwa darasa la jioni. Hapo ndipo alipokosea, na watu wa nchi nyingine hawataelewa mtu mwenye akili timamu anawezaje kukosea hivyo, lakini sisi tuliokulia kwenye Mpango tunaelewa vizuri sana. Kila mmoja wetu aliwahi kukikata kitu chake vipande viwili ili nusu yake ipite.

Fomu ya pili ilipita kwa siku sita. Mei Mosi Edeltraud alipandishwa jukwaani, akapewa maua mekundu na nishani, picha yake ikabandikwa kwenye ukuta wa heshima. Ortwin alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. "Yule dada yangu!" aliwaambia watu asiowajua. "Dada yangu tumbo moja!" Mei nne, zamu ya asubuhi, feni ya Jengo la Sita ilipuliza saa mbili, ikazimwa, na Ortwin akashuka tangini wa kwanza, kwa fahari. Kufika Juni, kiwango cha kila kikosi kilikuwa kimepandishwa kutoka matangi mawili kwa zamu hadi manne.

Wenzake walimtania. "Noack, mwambie dada yako agundue jinsi ya kukwangua tukiwa tumelala!" "Dada yake anatupenda, bwana, anataka twende nyumbani tumelewa bure!" Maana gesi ile ilikuwa na harufu tamu, na ilipanda kichwani. Walitoka kwenye tundu wakiyumba, wakicheka ovyo, mmoja anaimba, mwingine anatapika. Wakaiita bia ya Kiwanda. Jioni walipopita getini bado wakipepesuka, mlinzi aliandika kwenye kitabu chake: fulani, amelewa. Hakuna aliyejali. Mlinzi naye alikuwa na kiwango chake cha wakosaji wa kuandika kila mwezi.

Edeltraud alimwona mdogo wake akiyumba hivyo mara ya kwanza kwenye njia ya kutoka getini. Kesho yake alikuwa ofisini kwa Quaas.

"Fomu ya kwanza imefikia wapi?"

"Imo njiani, Ndugu Noack, imo njiani."

Mwaka 1960 ikawa bado imo njiani. Mwaka 1961 akaambiwa mwaka huu mabomba hakuna kabisa; saruji na waya wa miiba, hivyo vilipatikana vya kutosha, kila mtu alijua ni kwa kazi ya ule ukuta wa Berlin. Mwaka 1963 wizara ilibadilishwa jina na makaratasi yote yakarudishwa. Mwaka 1966 fomu ikawa haionekani. Quaas wakati huo alikuwa ameshapanda kuwa mkuu wa uzalishaji, na kwenye kiti chake cha zamani alikaa binti mmoja mwenye miwani, mpole, asiyejua lolote la zamani. Akampa Edeltraud fomu mpya aijaze upya. Edeltraud akaijaza: mvuke, bomba, vali. Binti akapitisha kidole chake hadi safu ya mwisho.

"Hapa kwenye faida hujaandika kitu, Ndugu Noack. Pendekezo hili litaokoa saa ngapi?"

"Saa nne za feni kwa kila tangi."

"Saa nne zipi? Feni inapuliza saa mbili tu."

"Kabla ya..."

"Hizo zilishaokolewa mwaka 1959," binti akasema akifungua jalada. "Tazama, kwa fomu yako mwenyewe. Haziwezi kuokolewa mara ya pili. Kwa hiyo bomba lina gharama lakini faida yake ni sifuri. Nikilipeleka hivi watanicheka."

Edeltraud alitoka pale akapita moja kwa moja hadi kwa Quaas bila kubisha hodi. Alimwambia anaifuta fomu ya pili, saini ni yake na anaiondoa. Quaas alifunga mlango, na safari hii hakutoa peremende.

"Keti. Viwanda vitatu vingine vimeichukua hesabu yako, unajua hilo? Mpango wa miaka mitano umejengwa juu ya saa mbili zako. Ukizifuta, ni nani atakwenda Berlin kueleza tani zimekwenda wapi? Mimi? Wewe? Watauliza ni nani aliyejua, tena tangu lini. Watu wameozea jela kwa hujuma ndogo kuliko hii. Na mdogo wako aliyepata nyumba ya vyumba vitatu kwa sababu ni mtu wa kikosi bora, unadhani atabaki nayo?"

Edeltraud aliketi. Alitoka baadaye hana alichofuta. Na hili ndilo linaloniudhi kuliko Quaas na peremende zake: kwamba alinyamaza. Alijaribu kumtoa Ortwin Jengo la Sita kwa njia za pembeni. Alimtafutia kazi ghalani. Ortwin akamcheka.

"Nikahesabu magunia? Mimi?"

"Gesi ile si nzuri, Ortwin."

"Mbona wewe mwenyewe ulisema saa mbili zinatosha? Mkuu wa kikosi anaweza kukosea, daktari anaweza kukosea. Wewe ulipima siku thelathini na nne. Mimi nikishuka tangini nakwambia kweli siogopi, dada. Wenzangu wanaogopa. Mimi nawaambia, dada yangu amehesabu."

Edeltraud alifungua mdomo kumwambia. Kwenye chumba cha pili Roswitha, mke wa Ortwin, alikuwa anamchana nywele Marlis, binti yao wa pekee, na walikuwa wanacheka. Edeltraud akavuta kikombe. Alisema kahawa yake imepoa.

Mwaka 1968 vidole vya Ortwin vilianza kufa ganzi kwa baridi, vikawa vyeupe kama nta kila Oktoba. Kisha ncha zake zikafupika, kucha zikapanuka, akashindwa kufunga vifungo vya nguo ya mtoto wa jirani. Zahanati ikamshauri apunguze sigara, naye hakuwahi kuvuta sigara. Halafu tumbo, halafu macho manjano, halafu ile Februari na lile neno.

Mji wetu ni mdogo na zahanati ina makarani. Ndani ya wiki moja kila mtu kwenye foleni ya nyama alijua kwamba Noack ameoza ini kwa ulevi. Marlis alikuwa na miaka kumi na tisa, anasomea ualimu mjini Halle. Mama wa mchumba wake alimtuma mtu kuulizia kama ugonjwa huo unarithiwa. Roswitha akaacha kwenda kufua pamoja na wanawake wengine. Ortwin alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, tumbo limejaa maji, mikono imebaki mifupa. Madaktari wa mkoa walishamwambia kwamba hatafika Krismasi. Hilo alilipokea. Alimwita dada yake akamshika mkono kwa vidole vyake vile vifupi.

"Dada, sijawahi kukuomba kitu tangu ule mkokoteni. Nakuomba sasa. Lile neno walitoe. Kufa nitakufa, hakuna shida. Lakini sitaki kufa mlevi. Marlis ataishi nalo maisha yake yote."

"Watalitoa," Edeltraud akasema.

"Utawezaje?"

"Nitaweza."

Edeltraud alikata rufaa kwenye kamati ya magonjwa ya kazi, ikasikilizwa Mei, kwenye ukumbi mdogo wa Kiwanda, chini ya picha ya kiongozi wa nchi na kando ya meza iliyotandikwa kitambaa chekundu. Mwenyekiti alikuwa daktari mwanamke kutoka mkoani, mkavu, asiyetabasamu. Daktari Thielecke alikuwepo. Quaas alikuwepo kwa niaba ya Kiwanda, amenenepa, penseli imeondoka sikioni. Waliweka mezani kitabu cha mlinzi wa geti. Ndani yake jina la Noack, Ortwin, liliandikwa mara arobaini na moja: amelewa, amelewa, amelewa sana, anaimba.

"Ushahidi uko wazi," Thielecke akasema.

Edeltraud akainuka. Alikuwa na daftari lake la 1959, akaliweka juu ya kitabu cha mlinzi. Akaeleza yote: mpira wa kandanda, ukoko, mvuke, na jinsi gesi ile inavyomlevya mtu akapepesuka bila kugusa glasi. Mwenyekiti alisoma daftari kwa muda mrefu, ukurasa kwa ukurasa. Nadhani alikuwa ameshasikia kutoka ng'ambo kwamba gesi ile inakula ini, kwa sababu hakuuliza hata mara moja kama jambo hilo linawezekana.

"Hapa kuna mvuke," akasema. "Kwenye utaratibu uliopitishwa hakuna mvuke."

"Ulikuwa kwenye fomu ya kwanza. Niliandika fomu mbili. Ndugu Quaas aliniambia niandike mbili."

Mwenyekiti akamgeukia Quaas. Quaas akafungua mikono, mpole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Orodha zetu tumezipekua zote. Fomu ya mwaka 1959 yenye jina la Ndugu Noack ni moja tu."

"Ulinipa kalamu, Wendelin! Ulinipa kalamu mkononi!"

"Nimewapa kalamu watu wengi, Ndugu Noack."

Mwenyekiti aligonga meza kwa kidole. Akamtazama Edeltraud, na sauti yake ikashuka kidogo. "Tuyaweke wazi. Daftari hili linaonyesha kwamba gesi ilikuwemo, na kiasi chake, hata baada ya saa mbili. Nikilikubali, neno la Daktari Thielecke linafutwa. Lakini daftari ni lako na saini kwenye utaratibu ni yako. Kwa hiyo nakuuliza, siku ulipotia saini kwamba saa mbili zinatosha, ulijua kwamba bila mvuke hazitoshi?"

Njia ya kujiokoa ilikuwa wazi kabisa, hata Quaas aliiona, akamkazia macho. Angesema daftari lile lilikuwa la kubahatisha, vipimo vya fundi wa maabara mwenye mpira wa kandanda, havikuthibitishwa na mtu. Wote wangekwenda nyumbani. Angebaki na kazi yake hadi astaafu kwa heshima. Na neno pombe lingebaki kwenye kadi.

"Nilijua," Edeltraud akasema.

Nishani walimnyang'anya wiki ile ile. Picha ilikuwa imeshaondolewa ukutani zamani kwa sababu ya rangi mpya. Walimrudisha kwenye kuosha chupa, chumba kile kile alichoanzia 1946, na alikwenda bila kunung'unika. Alikuwa na jambo moja tu kichwani, kwamba lile neno limefutwa.

Karatasi ya uamuzi ilifika mwezi Juni kwa posta ya kawaida, nyumbani kwa Ortwin, ikafunguliwa Jumapili ambayo Marlis alikuwa amekuja kutoka chuoni na Edeltraud ameleta keki ya cheri. Bahasha ilikuwa imefika Jumamosi, lakini Ortwin alitaka wote wawepo. Walimwinua kwa mito miwili. Akasoma mwenyewe kwa sauti, akipumzika kila mstari.

"'Ini la Ndugu Ortwin Noack halikuharibiwa na pombe.' Roswitha, umesikia? 'Halikuharibiwa na pombe. Ugonjwa huu unatambuliwa kuwa ugonjwa wa kazi.' Hee! Marlis, njoo hapa, mwanangu. Umesikia?"

Marlis alikuwa analia na kucheka. Roswitha alimbusu Edeltraud mashavu yote mawili. "Wifi, Mungu akupe kila unachotaka," akasema, na yeye si mtu wa kumtaja Mungu. Ortwin alirudia mstari ule mara ya pili, na mara ya tatu, kisha akaendelea kwa sababu karatasi ilikuwa bado inaendelea.

"'Chanzo cha gesi kubaki tangini ni taarifa isiyo sahihi iliyotolewa kwa makusudi mwaka 1959 na mbunifu Ndugu E. Noack, ambaye amekiri mbele ya kamati kwamba alijua...'"

Akakoma kusoma. Macho yake ya manjano yalirudi nyuma kwenye mstari, yakausoma tena kimyakimya. Neno juu ya bomba halikuwemo, wala juu ya Mpango, wala Quaas. Kiwanda hakikutajwa popote isipokuwa kwenye muhuri.

"Ulijua?" akauliza.

Edeltraud alikuwa na hadithi nzima kooni, fomu ya kwanza, fomu ya pili, miaka yote ile ya kubisha mlango. Aliianza. "Ortwin, kulikuwa na fomu nyingine, waliipoteza..." Akasikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Ndivyo wasemavyo wenye hatia wote. "Nilijua," akasema.

Ortwin alimtazama bila hasira, kama anayejaribu kukumbuka ni nani. Kisha akaikunja karatasi kwa shida, vidole vikiteleza, akampa binti yake.

"Itunze," akamwambia. "Usiipoteze. Uwaonyeshe watoto wako kwamba babu yao hakuwa mlevi."

Marlis aliikunjua akaisoma kwa kusimama, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, taratibu, kama wanavyofundishwa walimu. Keki ilikuwa imekatwa vipande vinne na hakuna aliyegusa. Akaiweka karatasi mfukoni, akaenda barazani, akarudi.

"Shangazi," akasema, "koti lako hili hapa."